Fiziotherapia au kairopraktiki: kiuno kikiumia, uende kwa nani?

Umeinama kunyanyua mzigo huku umejipinda, kiuno kikashika. Kusimama wima ni shida, kugeuka kitandani ni shida. Ukiuliza watu, mmoja atakuambia nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, mwingine atakuapia kwamba kairopraktiki ndiyo iliyomponya. Zote mbili hutumia mikono na zote mbili hushughulika na mgongo, kwa hiyo si ajabu watu kuziona ni kitu kimoja. Si kitu kimoja.

Fiziotherapia ni fani ya kuurudishia mwili uwezo wake wa kutembea, kuinama, kubeba na kufanya kazi baada ya kuumia, kuugua au kupasuliwa. Nyenzo yake kuu ni mazoezi, yakisaidiwa na kukandwa, kunyooshwa viungo na kuelimishwa. Mizizi yake iko kwenye mazoezi ya tiba ya Per Henrik Ling, aliyefungua chuo chake Stockholm mwaka 1813, na kwa wauguzi wanne wa Uingereza walioanzisha chama cha wakandaji waliofunzwa mwaka 1894. Vita Kuu ya Kwanza na milipuko ya polio ndivyo vilivyoikuza, kwa sababu maelfu ya watu walihitaji kujifunza upya kutumia viungo vyao. Ndiyo maana hadi leo mtaalamu wa fiziotherapia utamkuta kwa wagonjwa wa kiharusi, kwa watoto na kwa waliovunjika mifupa. Mgongo ni sehemu tu ya kazi yake.

Kairopraktiki, kinyume chake, ilizaliwa kwenye uti wa mgongo na haijauacha. Mwaka 1895, mjini Davenport katika jimbo la Iowa, Marekani, Daniel David Palmer alisukuma pingili ya mgongo wa Harvey Lillard, mfanya usafi aliyekuwa na uziwi, kisha akatangaza kwamba amemrudishia usikivu. Kutokana na tukio hilo Palmer alijenga nadharia kwamba karibu magonjwa yote hutokana na pingili zilizohama na kubana neva. Nadharia hiyo haikuthibitika. Wengi katika fani hiyo wameiacha, wanajishughulisha na maumivu ya mgongo, shingo na viungo, na wamesomea kazi yao miaka kadhaa. Wapo wanaoishikilia bado, na kwa mgonjwa tofauti kati ya makundi hayo mawili ni kubwa kuliko jina la fani yenyewe.

Tofauti utaihisi zaidi ukishalala kitandani kwao. Kwa kairopraktiki, baada ya maswali na vipimo vya mikono, mara nyingi utalazwa ubavu, mguu wa juu umekunjwa, bega likisukumwa nyuma taratibu mpaka mgongo ufike mwisho wa kujipinda. Hapo mtaalamu anasukuma mara moja, kwa kasi na kwa umbali mdogo sana. Utasikia mlio wa “ko!” na pengine nafuu papo hapo. Watu wengi huamini mlio ule ni mfupa uliorudi mahali pake. Sivyo: ni mabadiliko ya gesi ndani ya majimaji ya kiungo, sawa na mlio wa vidole unapovivunja. Pingili haikuwa imetoka, na haikurudishwa. Nafuu unayoipata inatokana zaidi na misuli kulegea na neva kutuliza maumivu kwa muda.

Kwa fiziotherapia, mambo huenda polepole zaidi. Utaambiwa uiname mbele, urudi nyuma, uchuchumae, huku mtaalamu akiangalia ni mwendo upi unaoamsha maumivu na upi unaoyapunguza. Mfano mmoja unastahili kuelezwa. Mwaka 1956, Robin McKenzie, mtaalamu wa fiziotherapia wa New Zealand, alikuwa na mgonjwa mwenye maumivu ya kiuno yaliyoteremka mguuni. Mgonjwa huyo alilala kifudifudi kwenye kitanda kilichokuwa kimeachwa kimeinuliwa upande mmoja, mgongo ukapinda kwenda nyuma, na baada ya dakika chache mguu ukaacha kuuma. Kutokana na hapo McKenzie akaunda njia yake: unalala kifudifudi, unajiinua kwa viwiko, halafu kwa mikono, ukirudiarudia. Maumivu yakihama kutoka kwenye shavu la mguu kupanda pajani, kisha kubaki kiunoni peke yake, hiyo ni dalili njema, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kwa muda. Wagonjwa wengi huogopa hapo na kuacha zoezi wakati ndipo lilipoanza kufanya kazi.

Je, ipi inaponya zaidi? Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 katika jarida la New England Journal of Medicine uliwagawa watu wazima 321 wenye maumivu ya kiuno: wengine walipata mazoezi ya McKenzie, wengine kairopraktiki, na wengine walipewa kijitabu cha maelezo tu. Makundi mawili ya kwanza yalipata matokeo yanayofanana, na yalilizidi kundi la kijitabu kwa kiasi kidogo sana, ingawa gharama zao zilikaribia mara tatu. Miongozo ya Uingereza ya mwaka 2016 inakubali tiba ya mikono kwa maumivu ya kiuno, lakini pale tu inapoandamana na mazoezi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unayataja yote: elimu, mazoezi na kunyooshwa mgongo kwa mikono.

Kwa hiyo mimi ningeanza na fiziotherapia. Si kwamba kairopraktiki haina nafasi. Kiuno kilichoshika siku chache zilizopita, bila ganzi wala udhaifu wa mguu, kinaweza kupata nafuu ya kweli kwa kusukumwa na mkono wenye ujuzi. Lakini nafuu hiyo inakaa mikononi mwa mwingine. Zoezi ulilofundishwa utalifanya nyumbani, na maumivu haya yana tabia ya kurudi. Ukimpata kairoprakta anayekupa mazoezi na kukuhimiza uendelee kutembea badala ya kulala tu, basi tofauti inakuwa ndogo. Na mtaalamu wa fiziotherapia anayekuwekea mashine ya joto kila siku bila kukufundisha chochote hakusaidii zaidi ya kairoprakta huyo.

Jihadhari na yeyote anayekuuzia mkataba wa miezi mingi kabla hujapona wala kuzidiwa, anayedai kutibu pumu au kisukari kwa kusukuma pingili, au anayekutisha kwa picha za mgongo wako. Diski (mito laini iliyo kati ya pingili) zilizochakaa huonekana hata kwa watu wasioumwa: takriban asilimia 37 ya wenye miaka 20 wanazo, na kwa wenye miaka 80 ni asilimia 96.

Hospitali hutangulia wote wawili pale unapopata ganzi kwenye sehemu za siri na makalio, mkojo kugoma au haja kutoka bila wewe kujua, au miguu kuishiwa nguvu. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Maumivu yanayokuja na homa, kukonda bila sababu, historia ya saratani, au yaliyoanza baada ya kuanguka vibaya nayo yanahitaji daktari kwanza. Mwenye mifupa dhaifu, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, aseme mapema kabla hajasukumwa mgongo.

Maumivu mengi mapya ya kiuno hupungua sana ndani ya wiki sita. Kama wiki hizo zimepita, umefanya mazoezi uliyopewa na bado huwezi kufanya kazi zako, au maumivu yanazidi kuteremka mguuni, rudi upimwe upya badala ya kuongeza idadi ya vikao vilevile.