Mistari 1,130 siyo akina mama 1,130 (na namna ya kuiachia Stata ripoti ya mwezi)

Jamani leo niandike hii maana kila mwanzo wa mwezi lazima mtu anipigie simu na swali ni lile lile. Umepewa faili la kliniki ya wajawazito la miezi mitatu, lina mistari 1,130, na wewe bila wasiwasi unaandika tumehudumia akina mama 1,130. Hapana bwana. Hayo ni mahudhurio. Mama mmoja anarudi rudi kliniki, WHO tangu 2016 wanashauri angalau mara 8 kwa ujauzito mmoja, zamani zilikuwa 4, na kila akija karani anajaza mstari mpya.

Kwenye Stata, programu ya kuchambua takwimu, kuwapata watu wenyewe ni kazi ya mistari miwili:

egen alama = tag(kadi mwezi)
count if alama == 1

Hiyo tag inachagua mstari mmoja tu kwa kila kadi (yaani namba ya kadi ya kliniki ya mama) ndani ya kila mwezi inaupa 1, iliyobaki inapewa 0, basi ukihesabu zenye 1 za mwezi mmoja mmoja umepata akina mama wa mwezi huo. Rahisi. Shida inakuja baadaye, na hapa ndo wengi wanaumia: tuseme (namba nimezitunga) Januari umepata 340, Februari 352, Machi 361, bosi anataka ya robo mwaka, unajumlisha unampa 1,053. Umeshakosea! Mama aliyekuja miezi yote mitatu umemhesabu mara tatu. Mahudhurio unaweza kujumlisha unavyotaka ila watu hawajumlishiki hivyo, lazima urudi kwenye data ghafi ya miezi yote mitatu ufanye tag upya kwa kadi peke yake bila mwezi, na usishangae ukikuta 497. Ndo maana mimi sitaki kabisa mtu anitumie namba za mwezi zilizokwisha jumlishwa kwenye Excel, nitumie mistari yenyewe.

Halafu kuna kadi ambazo hazikujazwa. Tag inaziruka kimya kimya, yaani akina mama 40 wasio na namba wanapotea wote. Ukitumia ile njia nyingine ya bysort, yaani unapanga mistari kwa kadi halafu unachukua wa kwanza kwa kila kadi, wale 40 wanageuka mtu mmoja, na wenzetu wa R (programu nyingine ya takwimu) nao wasicheke maana n_distinct, amri yao ya kuhesabu wasiojirudia, inafanya hivyo hivyo usipoweka na.rm = TRUE ya kuondoa zilizo tupu. Hakuna jibu sahihi hapo, mimi huwa naandika pembeni ya ripoti kadi tupu ziko ngapi ili msomaji ajue. Na tafadhali usijaribu kuziba pengo kwa kutumia majina, leo kaandikwa Rehema, mwezi ujao karani mwingine kaandika Lehema, Halima kawa Harima, utatengeneza akina mama hewa.

Namba za kadi zenyewe zisome kama maandishi tangu mwanzo, usizigeuze tarakimu. Kwenye import delimited, amri ya kusoma faili la CSV, kuna stringcols, iambie kolamu zote. Sababu ya kwanza ni sifuri za mbele, Excel inazila ukifungua faili hata kama hukugusa kitu, ukisevu tu zimeenda. Sababu ya pili iliwahi kunikosesha usingizi: ukiandika gen (amri ya kutengeneza kolamu mpya) bila kutaja aina, Stata inakupa float, aina ya namba yenye nafasi ndogo, na float haiwezi kubeba kila namba nzima ikishavuka 16,777,216. Jaribu mwenyewe, ipe 16777217 uone inakurudishia 16777216. Kwa hiyo kadi mbili tofauti zinakuwa moja, idadi ya watu inashuka, na hakuna ujumbe wowote mwekundu wa kukushtua. Pia ondoa nafasi tupu na herufi zote zifanye kubwa kabla hujahesabu.

Sasa kuifanya ripoti ijiendeshe yenyewe kila mwezi. Kodi yangu ya kwanza (siyo ile ya TRA) ilikuwa inachukua mwezi wa leo inatoa moja, ikafanya kazi vizuri mwaka mzima mpaka Januari, moja toa moja sifuri, ripoti ikatoka tupu na mimi nimeshaituma. Siku hizi natumia mofd, ambayo inahesabu miezi mfululizo kuanzia Januari 1960, ukitoa 1 hapo Januari inarudi Desemba ya mwaka uliopita yenyewe. Majedwali nayapeleka Word kwa putdocx, ipo tangu Stata 15, na kabla ya kuandika chochote naweka assert kadhaa (masharti ya ukaguzi, moja likivunjika Stata inasimama): hakuna tarehe ya mbele kuliko leo, hakuna mstari uliojirudia mzima mzima, mahudhurio hayawezi kuwa machache kuliko watu. Hiyo ya mwisho inaonekana ya kijinga ila ilishanikamata mara mbili.

Kuiwasha naiachia Task Scheduler ya Windows, inaita Stata kwa /e na jina la do-faili (faili lenye amri zako zote), inafanya kazi kimya bila kufungua dirisha la kukuuliza maswali na inaacha faili la logi kwenye foda. Wengi wanaiweka saa sita usiku tarehe 1. Mimi yangu ni tarehe 5 saa nne asubuhi, kwanza usiku laptopu imezimwa au umeme hamna, pili tarehe 1 vituo vingine hata havijamaliza kuingiza rejista. Nikifika nafungua logi naenda moja kwa moja mwishoni. Nikikuta r(9) najua assert imegoma, kuna data chafu, nakaa nayo. Nikikuta r(601) faili halipo, hapo sihangaiki na Stata kabisa, nachukua simu nampigia karani.