“Ongeza ngoma”: dhana potofu kuhusu muziki wa filamu

Wiki iliyopita nimeambiwa tena. Mwongozaji kijana kaja studio na sini ya dakika tatu. Mama anaingia chumbani kwa mwanawe aliyefariki, anakuta shati bado linaning'inia kwenye msumari. Analigusa kola. Basi. Nilimwekea filimbi moja, noti nne, kisha kimya. Akasikiliza, akakuna kichwa. “Kaka, mbona haina uzito? Ongeza ngoma. Weka okestra kama ya Hans Zimmer, watu waikumbuke.”

Sentensi hiyo, pamoja na jina la huyo mtunzi wa muziki wa Hollywood, nimeisikia mpaka naiota usiku. Ngoja leo niijibu kwa maandishi, nipunguze kugombana na watu studio.

Dhana: muziki unaokumbukwa ni muziki mkubwa

Ushahidi wa kuikataa uko kwenye filamu hizo hizo mnazonitajia. Chukua Jaws ya 1975, ile ya papa anayekula watu. Mwamshe mtu usiku wa manane umwambie akuimbie muziki wa yule papa, atakuimbia, na atakachokuimbia ni noti mbili tu, E na F, zilizokaa bega kwa bega kwenye kinanda. Mtunzi wake John Williams alipozipiga kwa mara ya kwanza mbele ya mwongozaji Steven Spielberg, Spielberg alicheka akidhani anataniwa. Okestra ipo, sikatai, lakini hiyo ni nguo. Mwili ni zile noti mbili. Zikienda polepole papa yuko mbali, zikianza kukimbia amefika miguuni. Mtazamaji anapima umbali kwa masikio. Na kwa kuwa papa wao wa mashine alikuwa akiharibika kila mara kwenye maji ya chumvi, sehemu kubwa ya filamu muziki ndiyo uliosimama badala yake.

Sasa hapa ndipo ninapotaka wateja wangu wakae chini. Kuna sini ambapo watoto wawili wanatisha watu ufukweni kwa pezi la kadibodi. Watu wanakimbia, wanakanyagana. Muziki wa papa haupo, kwa sababu papa hayupo. Baadaye mkuu wa polisi anamwaga chambo baharini huku akinung'unika, na papa mwenyewe anaibuka karibu na uso wake bila noti hata moja ya kuonya. Umeshazoeshwa kwamba huyu mnyama hubisha hodi kabla ya kuingia, ndiyo maana unaruka kwenye kiti. Ungekuwa umejaza ngoma nzito chini ya kila sini tangu mwanzo, hiyo hodi angeisikia nani?

Psycho ya 1960, hivyo hivyo. Mtunzi Bernard Herrmann aliiandikia ala za nyuzi peke yake, hakuna ngoma wala tarumbeta. Kuna mtu aliniapia kwamba pale bafuni, mwanamke anapochomwa kisu, wametia mayowe ya ndege. Ni fidla, ndugu yangu, zinakwaruzwa kwenye noti za juu kabisa. Mwongozaji Hitchcock mwenyewe alitaka sini ile ipite bila muziki, Herrmann akaiandikia hata hivyo, na mkubwa alipoisikia akabadili mawazo.

The Third Man ya 1949 ilibebwa na ala moja, zither, mikononi mwa Anton Karas aliyekuwa akipigia wateja kwenye vilabu vya mvinyo vya Vienna. Ukitaka kujua ni ala gani, fikiria ganuni ya taarabu: nyuzi zimelazwa, zinachunwa kwa vidole. Mtu mmoja, ala moja, na rekodi yake ikashika namba moja Marekani mwaka 1950.

Na Ennio Morricone, ambaye mimi nikilazimishwa kuchagua mmoja ndiye wangu, alipotunga A Fistful of Dollars mwaka 1964 hakuwa na fedha za okestra kamili. Akatumia mluzi wa Alessandro Alessandroni, gitaa la umeme, mjeledi na milio ya bunduki. Ufukara huo ndio uliompa sauti ambayo leo kila mtu anaiiga.

Zimmer mnayemtaja? Kwa Interstellar, mwongozaji Christopher Nolan alimpa karatasi moja iliyoandikwa habari za mzazi na mtoto wake, bila kumwambia kwamba filamu ni ya anga za juu. Zimmer akarudi na kipande kifupi, kitulivu. Kinanda kikubwa cha kanisa la Temple, London, kilikuja baadaye. Ninyi mnataka kuanzia kwenye kinanda cha kanisa.

Dhana: muziki huwekwa mwisho, filamu ikishakamilika

Ndiyo maana mnaniletea flashi siku mbili kabla ya uzinduzi. Mwongozaji Sergio Leone alikuwa na muziki wa Morricone mkononi kabla ya kupiga picha Once Upon a Time in the West, akawa anaupigisha hapo hapo waigizaji wakiwa kazini. Kwenye Joker ya 2019, ile dansi ya chooni mwigizaji Joaquin Phoenix aliicheza akisikiliza cello ya mtunzi Hildur Guðnadóttir, ambaye mwaka uliofuata akaondoka na Oscar. Nipeni skripti. Hata ikiwa na makosa ya tahajia, nipeni.

Dhana: ule mwito wa mwanzo wa The Lion King ni Kiswahili

Kizulu. Aliyeuimba ni Lebo M, mtu wa Soweto, na anachosema ni kwamba simba anakuja. Chetu ni jina la Simba, la Rafiki, na “hakuna matata”. Nyimbo ni za Elton John na Tim Rice. Muziki wa filamu wenyewe ni wa Zimmer, na ndio uliompa Oscar yake ya kwanza.

Dhana: “Baba Yetu” ni muziki wa filamu

Ni wa gemu, Civilization IV, kazi ya Christopher Tin. Kiswahili chake ni halali, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa gemu kushinda Grammy. Usiniletee kama mfano wa sini ya mazishi.

Dhana: asiyesoma noti si mtunzi

Vangelis hakuwa akisoma noti, na Chariots of Fire ya 1981 ilimpa Oscar. Lakini alikuwa na sikio. Wengi wanaonitajia Vangelis hawana noti wala sikio.

Dhana: “Nipigie kama ule, ila usiwe ule”

Hii inaanzia kwa mhariri anayevisha picha muziki wa watu kwa muda, mwongozaji anauzoea miezi mitatu, kisha chochote kipya kinamkera. Mwongozaji Stanley Kubrick aliuzoea muziki wa muda wa 2001: A Space Odyssey mpaka akautupa ule aliomwagiza mtunzi Alex North. North alikuja kujua akiwa ameketi ukumbini kuangalia filamu. Mimi nikikuta muziki wa mtu kwenye faili lako, nauzima kabla sijatazama.

Yule kijana nilimwonyesha sini yake mara mbili, na ngoma na bila ngoma. Kachukua yenye ngoma. Filimbi nimeihifadhi kwenye folda ya filamu yake. Uzinduzi ni Ijumaa, akipiga simu kabla ya hapo ataikuta.