Jeni Zimetofautiana? Nionyeshe Tarehe za Kupimwa Kwanza

Nimeletewa tena grafu ya PCA, njia ya kufupisha vipimo vya maelfu ya jeni ili kila mtu awe nukta moja, yenye mawingu mawili, wagonjwa huku, wazima kule, pamoja na kauli ileile: "Kompyuta haikuambiwa chochote, imeona yenyewe, kwa hiyo hii ni baiolojia." Hapana! Kompyuta imeona tofauti. Chanzo cha tofauti hiyo haikijui.

Suala la kupima jeni 20,000 kwa kigezo cha p (uwezekano wa kuona tofauti kubwa kiasi hicho kwa bahati, pasipo tofauti ya kweli) chini ya 0.05 nalipita haraka: hata pasipo na lolote, kama 1,000 zitajitokeza kwa bahati tu. Siku hizi karibu kila mtu anasahihisha hesabu kwa ajili ya wingi huo wa majaribio, na ni vyema. Kinachonikera ni imani kwamba ukishasahihisha umemaliza. Sahihisho hilo linakukinga na bahati. Halikukingi na mashine, kitendanishi (kemikali ya kupimia) kipya, wala mpimaji aliyekuwa zamu siku ile.

Mwaka 2007 Spielman na wenzake walichapisha katika Nature Genetics ulinganisho wa seli za watu 142: 60 wenye asili ya Ulaya, 82 Wachina na Wajapani. Kati ya jeni 4,197, takribani 26% zilionekana kufanya kazi kwa viwango tofauti. Mwaka huohuo Akey na wenzake wakaangalia tarehe. Sampuli za Wazungu zilipimwa zaidi 2003 na 2004. Za Waasia, 2005 na 2006. Mwaka wa kupimwa ulipoingizwa kwenye hesabu, tofauti ikayeyuka.

Hapo ndipo watu wanapopita mbio, nami naomba wasimame. Tofauti ile ilikuwemo kwenye data. Rudia uchambuzi, utaipata. Ongeza sampuli kwa mpangilio uleule, p itazidi kushuka. Gawa data, fundisha programu kwa nusu moja na uijaribu kwa nusu ya pili, nayo itafaulu, kwa sababu alama ya tarehe imo kwenye nusu zote mbili. Ni sawa na kupima mahindi ya shamba moja kwa mzani wa sokoni, ya shamba la pili kwa mzani wa ghalani, kisha ukaisifu mbolea.

"Basi tutapitisha ComBat," yaani programu ya kuondoa tofauti za mikupuo, makundi ya sampuli zilizopimwa pamoja. Kama wagonjwa wote wamo katika mkupuo mmoja na wazima wote katika mwingine, ukiondoa mkupuo umeondoa na ugonjwa. Hakuna programu itakayojua kipi ni kipi.

Na hapa nina shaka ambayo sijaimaliza. Katika jeni zile za Spielman imo UGT2B17, ambayo watu wengi wa Asia Mashariki hawana kabisa, imefutika kwenye DNA yao. Hiyo ni baiolojia halisi, imekaa katikati ya takataka za tarehe. Ngapi nyingine ziko hivyo? Data zile haziwezi kujibu. Hata mimi nikisahihisha mikupuo, sina njia ya kupima ukweli kiasi gani nimeufagia pamoja na uchafu.

Kwa hiyo kazi inaanza kabla ya kompyuta. Changanya wagonjwa na wazima katika kila mkupuo. Sampuli chache zilezile zirudiwe katika kila mkupuo. Andika tarehe, mashine, namba ya kitendanishi na mpimaji. Na kama makundi yameshapimwa mbalimbali, nenda kwenye friji, toa sampuli zilizobaki, uzichanganye na uzipime upya.