Mazuku, Nyiragongo na siasa ya joto la dunia

Kila ninapozungumza na watu hapa Goma, mji ulio chini ya volkano ya Nyiragongo, juu ya mabadiliko ya tabianchi, swali moja halikosi. Safari hii liliulizwa na papa mmoja, mzee wa mtaa wa Majengo: "Profesa, Nyiragongo inatoa moshi usiku na mchana. Mbona wazungu wanasingizia magari? Si wanataka tu tusichimbe mafuta yetu?"

Hayo ni maswali mawili, na nilimwomba tuyatenganishe.

Kwanza mlima. Gesi inayolalamikiwa kuongeza joto la dunia, dioksidi ya kaboni, mtu wa Goma anaijua: ndiyo iliyomo kwenye mazuku, mabonde yenye hewa inayoua. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo usiku upepo ukitulia hujaa mabondeni kwenye mawe ya volkano, na asubuhi mbuzi anakutwa amekufa bila jeraha. Shusha humo mshumaa uliofungwa kwenye kijiti kirefu (wewe mwenyewe usiiname!), utazimika kabla ya kugusa chini. Basi ni kweli, ardhi yetu inaitoa. Lakini volkano zote za dunia zikijumlishwa hazifikishi hata sehemu moja kwa mia ya zile tani zaidi ya bilioni 35 ambazo binadamu hutoa kila mwaka kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi.

Tena kaboni ya volkano na kaboni ya mafuta hazifanani. Mafuta na makaa ya mawe ni mabaki ya viumbe vya kale, na mimea hupendelea kaboni nyepesi. Hiyo nyepesi ndiyo inayozidi hewani. Oksijeni nayo inapungua kidogo kidogo, kama inavyoliwa na moto wowote, ilhali gesi ya volkano hutoka bila kuila. Kipimo cha gesi hii kilicho mashuhuri kuliko vyote kiko juu ya volkano, Mauna Loa kule Hawaii, na upepo ukitokea kreta wapimaji huziweka kando namba zake. Mwaka 1958 walipata kama sehemu 315 za gesi hii kwa kila sehemu milioni za hewa. Sasa imepita 420.

Siasa ndiyo ngumu. Mwaka 1989 Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza, mhafidhina na mkemia, aliuonya Umoja wa Mataifa juu ya gesi hii. Mwaka 2015 mhafidhina mwingine, seneta James Inhofe wa Marekani, aliingia bungeni na donge la theluji kukejeli habari ya joto. Fizikia ilikuwa ileile. Utafiti uliochapishwa 2012 huko Marekani ulionyesha jambo lililoniuma kama mwalimu: wenye ujuzi mkubwa wa sayansi ndio waliotofautiana zaidi, kila mmoja akitumia elimu yake kutetea kambi yake.

Nasi tuna kambi zetu. Serikali ilipotangaza vitalu vya mafuta mwaka 2022, vingine vikigusa hifadhi ya Virunga, ubishi ulikuwa mkali, na papa yule ana hoja: Kongo imechangia kidogo mno, na waliotajirika kwa makaa ya mawe ndio wanaotukanya. Nani alipe, nani aache kuchimba, hayo tubishane. Mtu anaweza hata kutaka visima vichimbwe na bado akakubali gesi inatoka wapi.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na makala tunayopikia, haya makaa ya miti?"

Nilimjibu kwamba mti ukikatwa na mwingine ukaota, kaboni hurudi mtini. Msitu ukiisha, inabaki hewani. Mama aliyekaa nyuma yake akasema gunia lake la juzi lilitoka Virunga.