Samaki wa Røst hatiwi chumvi

Narudia, maana swali la kama hutiwa chumvi limekuja tena: tørrfisk (samaki mkavu wa Norway) wa Røst hatiwi chumvi. Hata punje. Si ng'onda. Wala si makayabu, ndugu zangu wa Lubumbashi. Makayabu hukolezwa chumvi kwanza. Huyu hukaushwa na hewa, basi.

Røst ni manispaa ya visiwa kwenye ncha ya kusini ya Lofoten, Norway, yenye wakazi kama 500. Picha za milima mikali ya Lofoten zisikudanganye: Røstlandet, kisiwa wanachoishi, ni bapa kama mkeka. Pako kaskazini ya Mzingo wa Aktiki, lakini mkondo wa bahari wenye joto huufanya wastani wa halijoto wakati wa baridi ubaki karibu na sifuri au juu yake kidogo. Jambo hilo wengi hulipita mbio, na ndilo lenyewe.

Skrei, yaani samaki aina ya cod ambao ndio hukaushwa huku, hushuka kutoka Bahari ya Barents kuja kutaga. Hutolewa matumbo, hukatwa kichwa (vichwa navyo hukaushwa, vingi huenda Nigeria), kisha wawili wa ukubwa unaokaribiana hufungwa mikia pamoja na kuning'inizwa kwenye hjell, yaani uchanja wa miti, kuanzia Februari hadi Mei au Juni. Baridi ikizidi, maji ndani ya nyama huganda, barafu huchana nyuzi, na unabaki na samaki mwenye vitundu kama sifongo; hiyo ndiyo fosfisk, na bei yake huanguka. Joto likiwahi, nzi hutaga na nyama huchacha. Mvua isiyokatika huleta ukungu. Kilo 4 hadi 5 za samaki mbichi asiye na kichwa hubaki kilo 1. Penye chumvi ungeweza kuipuuza hali ya hewa kwa kiasi, hapa huwezi.

Akishaiva ghalani, vraker, yaani mkaguzi wa samaki, humpanga kwa macho, vidole na pua, katika madaraja kama 20. Vitabu huyaandika kana kwamba ni hesabu. Kwenye madaraja yanayopakana, wazoefu wawili hutofautiana, na sidhani kuna kipimo cha kuwaamulia.

Anayebisha kuhusu chumvi amsome Pietro Querini, Mveneti (mtu wa Venice, Italia) aliyeokolewa Røst mwaka 1432 baada ya meli yake kuharibika: aliandika kwamba samaki hukaushwa kwa upepo na jua, bila chumvi. Røst wanamthamini mno. Mnara wa kumbukumbu yake uko kisiwani Sandøya, na mwaka 2012 walimwimbia opera. Kwamba ndiye aliyewafungulia Waitalia biashara hii, hapo nina shaka: Bergen, bandari ya Norway, ilikuwa ikiuza tørrfisk ng'ambo karne nyingi kabla yake.

Kupika: mponde, mloweke siku 5 hadi 7 kwenye maji baridi, ukibadilisha kila siku. Unamrudishia maji, humtoi chumvi. Kwa hiyo chunguni usisahau kuitia.