Azimio si rezolusheni, na rezolusheni si umbo la picha

Wiki hii nimemsikia mtu wa tatu akiulizia projekta "yenye azimio la 16:9". Huyu anatengeneza chumba cha gofu nyumbani kwake: kitambaa kizito kinatundikwa mbele, mpira unapigwa kweli na kugonga kitambaa, kifaa kinapima kasi na mwelekeo wake, kisha kompyuta inaendeleza safari ya mpira huo kwenye uwanja unaoonyeshwa na projekta. Ni mradi wa gharama. Neno moja likikaa vibaya, pesa inakwenda kwenye kifaa kisichofaa chumba.

Maana zenyewe ni fupi. Rezolusheni ni idadi ya nukta zinazounda picha, yaani pikseli, kwa mlalo na kwa wima: 1920 kwa 1080, kwa mfano. Uwiano wa pande ni upana wa picha ukilinganishwa na kimo chake: 16:9, 16:10, 4:3. La kwanza ni hesabu, la pili ni umbo. Kwa hiyo hakuna rezolusheni ya 16:9, kama vile hakuna shamba la ekari mraba-mraba.

Neno azimio linanisumbua zaidi, kwa sababu limevaa nguo za usahihi. Mtu anafungua kamusi, anatafuta neno la Kiingereza "resolution", anakutana na azimio, anaondoka nalo. Lakini azimio kwetu ni kauli ya nia. Linatokana na kuazimia, na mzizi wake wa Kiarabu, azm, ni kukusudia jambo kwa moyo thabiti. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa azimio kweli: watu walikaa, wakajadili, wakaamua njia ya nchi. Kioo cha simu hakijaamua kitu.

Chimbuko la mkanganyiko ni Kilatini. Resolvere ni kufungua, kulegeza, kutenganisha kilichoshikana, na kutoka hapo yakachipuka matawi mawili. Moja ni kulichambua jambo mpaka likatoa uamuzi. Hilo ndilo tulilolipa jina la azimio. La pili walilishika watu wa darubini. Nyota mbili zilizokaribiana huonekana kwa jicho kama doa moja, na darubini nzuri huzitenganisha zikawa mbili. Uwezo huo wa kutenganisha ndio rezolusheni. Anayesema "azimio la skrini" ameshika tawi la wanasiasa akidhani ni la watu wa darubini.

Waarabu, ambao ndio waliotupa hilo azimio, hawalitumii hapa. Rezolusheni ya skrini wao huiita diqqa, yaani wembamba, udogo, usahihi wa kina. Na mzizi huo tunao sisi pia, tunautamka kila siku: dakika, kipande chembamba cha saa. Neno la kutufaa lilikuwa mlangoni muda wote. Simlazimishi mtu aseme dika au dakiki. Rezolusheni limeshazoeleka na linatosha. "Ubora wa picha" silipendi, maana ubora unabeba pia mwanga, rangi na lenzi, na projekta yenye nukta nyingi na taa hafifu bado ni mbovu kwa chumba chenye madirisha.

Kwa nini basi watu wachanganye hesabu na umbo? Nadhani televisheni ndizo zimetuzoesha. Karibu zote za leo ni 16:9, ziwe za 1280 kwa 720, 1920 kwa 1080 au 3840 kwa 2160, kwa hiyo ukitaja hesabu umbo linajileta lenyewe. Kwenye projekta halijileti. Kuna za 1920 kwa 1200, ambazo ni 16:10, na kuna za 1024 kwa 768 na 1400 kwa 1050, ambazo zote ni 4:3 ingawa hesabu zao ziko mbali.

Turudi kwenye chumba cha gofu. Kitambaa cha ndugu huyu kina upana wa mita 4 na kimo cha mita 3, yaani 4:3 kamili, naye alitaka 4K, yaani nukta 3840 kwa 2160, "ili ijae". Projekta ya 16:9 ikijaza upana huo, kimo cha picha kinaishia mita 2.25, na sentimita 75 za kitambaa zinabaki giza. Mpira uliopigwa juu utagonga palepale pasipo na anga. Ukiikuza picha ijaze kimo cha mita 3, upana unafika mita 5.33 na sentimita 67 hivi zinamwagika kila upande. Na projekta ya 1920 kwa 1080 ingefanya vivyo hivyo, bila tofauti ya hata sentimita moja, kwa sababu kinachotawala hapa ni umbo. Ya 16:10 ingempa mita 2.5. Ya 4:3 ingejaza kitambaa chote. Inawezekana pia kuiambia kompyuta itume picha ya 4:3 ndani ya projekta ya 16:9, ila hapo nukta 1440 tu kati ya 1920 za mlalo ndizo zinazofanya kazi. Robo nzima umeilipia ikae gizani.

Baada ya umbo ndipo hesabu inapopata kazi. Nukta 1920 zikitandazwa kwenye mita 4, kila moja ina upana wa milimita 2 na kidogo. Jicho zima hutenganisha vitu vilivyopishana kwa pembe ya takriban dakika moja, sehemu ya 60 ya digrii. Dakika ileile! Kwa mchezaji aliyesimama mita 3 kutoka kwenye kitambaa, pembe hiyo ni sawa na milimita 0.9 hivi, kwa hiyo nukta za milimita 2 ataziona. Za 4K, milimita 1 kila moja, karibu zitayeyuka machoni pake. Hapo ombi lake la 4K lina hoja, mradi projekta yenyewe itoe 4K. Tangazo likisema "inapokea 4K", limeeleza kinachoingia kwa waya. Paneli ya ndani, ile inayounda picha yenyewe, inaweza kuwa ya 1280 kwa 720.

Nimemwomba arudi dukani na maswali mawili badala ya moja: paneli ina nukta ngapi kwa ngapi, na umbo lake ni lipi. Na kwenye karatasi yake, pale alipoandika "azimio 16:9", nimemwandikia pembeni kwa penseli: uwiano.