Chanjo za Watoto: Kwa Nini Huisha Kliniki, na Mzazi Afanye Nini

Surua haina dawa ya kuua kirusi chake. Mgonjwa mmoja akiingia kati ya watu wasio na kinga anaweza kuambukiza wengine 12 hadi 18, na mtoto akipona hubaki na mwili uliosahau sehemu ya kinga aliyokuwa nayo dhidi ya maradhi mengine. Ndiyo maana tunataka watoto 95 kati ya kila 100 wapate dozi zote mbili. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa chanjo zimeokoa maisha ya watu milioni 154 katika miaka 50, na takriban asilimia 60 ya hao waliokolewa na chanjo ya surua. Wazazi wengi wa leo hawajawahi kumwona mtoto mwenye dondakoo au pepopunda, na nadhani hilo ndilo huwafanya baadhi yao waahirishe kliniki.

Lakini wapo wanaofika kwa tarehe na kuambiwa chanjo imeisha. Viwanda vinavyotengeneza chanjo hizi ni vichache, na toleo moja, yaani chanjo zinazotengenezwa kwa pamoja, huchukua miezi mingi, sehemu kubwa ikiwa ni vipimo vya ubora. Likikataliwa, hakuna la akiba la kuagiza wiki ijayo. Serikali ikichelewa kulipa, au ikikosea makadirio ya watoto watakaozaliwa, pengo huonekana bohari miezi kadhaa baadaye.

Halafu kuna ubaridi. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Joto watu wanalijua, barafu wanaisahau. Chanjo ya homa ya ini B ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

Kinachomtesa muuguzi zaidi ni kichupa cha surua. Mara nyingi kina dozi 10 za unga, na ukishachanganywa na maji yake lazima utumike ndani ya saa 6, kinachobaki kinamwagwa. Wakija watoto wawili tu, afungue au awaambie warudi? Afungue. Dozi nane zikimwagwa ni hasara, ila mtoto aliyerudishwa huenda asirudi tena. Kosa liko kwa anayeagiza bila kuhesabu dozi za kumwagwa.

Ukikuta chanjo moja haipo, mwanao apewe zilizopo siku hiyo hiyo. Kuchoma zaidi ya moja kwa pamoja ni salama. Uliza mzigo unatarajiwa lini na uache namba ya simu. Dozi ikichelewa, ratiba haianzi upya, mnaendelea pale mlipoishia. Ya rota tu, inayokinga kuharisha kukali, ndiyo isichelewe sana, kwa kuwa haipendekezwi kwa mtoto aliyepita miaka miwili. Na kadi ya kliniki itunzwe hata baada ya mtoto kuanza shule, maana bila hiyo muuguzi hawezi kujua mliishia wapi.